Jiko Jipya Kisondela: Wenyewe au Fundi?

Tangu Pasaka nyumbani kwetu Kisondela, Rungwe, tunabishana kuhusu jiko. Kwamba Mama anahitaji jiko jipya, hilo halina mjadala: paa la hili la sasa limeoza, na nguzo moja imesimama kwa neema ya Mungu tu. Ubishi ni nani ajenge. Kaka anasema tujenge wenyewe. Udongo upo, mikaratusi ya kuchomea matofali ipo, vijana wapo, na yeye alishajenga banda la ng'ombe ambalo mpaka leo halijaanguka. Wifi anamjibu kwamba ng'ombe hawana mdomo wa kulalamika. Mimi nimepewa usuluhishi, kwa kuwa naandika gazetini, na watu wa nyumbani wana imani isiyo na msingi kwamba anayeandika gazetini anajua mambo.

Kilichomkera kaka ni karatasi. Fundi alikuja kutoka Tukuyu, akapima uwanja kwa hatua, akaketi kwenye benchi na kuandika makadirio kwenye karatasi ya daftari: sementi, mchanga, mbao mbili kwa nne, bati, misumari, bomba la moshi. Mstari wa mwisho ulisema "ufundi". Kaka aliusoma mstari huo peke yake, tena kwa sauti. Kwake hiyo ndiyo fedha inayoweza kuokolewa, maana sementi huwezi kuitengeneza nyumbani lakini mikono unayo.

Hesabu hiyo ina tundu. Mikono ya kaka nayo ina bei, ila hakuna anayeiandika kwenye daftari. Chai yetu inachumwa kwa mzunguko. Ukichelewa, majani yanakomaa na kukakamaa, na hakuna wa kuyanunua kwa bei nzuri. Maparachichi nayo hayamsubiri mtu amalize kozi ya tofali. Siku ambayo kaka yuko ukutani na timazi mkononi, mtu mwingine lazima awe shambani. Kwa uzoefu wa nyumba yetu, mtu huyo mwingine ni wifi, na wifi halipwi.

Hata hivyo simbezi kaka. Kujijengea ni asili ya huku. Msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipopita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, nyumba zetu zilimpendeza kuliko alivyotarajia. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyohama kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kama kumi, wakajenga vibanda vyao pembeni na kuanzisha kijiji cha rika lao. Kaka anaipenda sana habari hii. Anachokiruka ni kinachofuata: kulala walilala kwenye vibanda vyao, lakini kula walirudi kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule, mpaka walipooa. Babu zetu walijua kujenga tangu utotoni, nakubali. Ila jiko lilibaki la mama.

Nikaona nianzie hapo. Nilimwomba Mama apike kama siku zote, na sisi watatu, kaka, fundi na mimi, tukae pembeni tutazame bila kusema neno.

Mama anapika ameketi. Kigoda chake kiko upande wa kushoto wa mafiga, na mkono wa kushoto ndio unaosukuma kuni ndani kadiri zinavyoungua. Mkono wa kulia unamenya ndizi na kuzitumbukiza kwenye maji bila yeye kuziangalia. Macho yako mlangoni. Kutoka pale anaona kuku wanaonyemelea mahindi yaliyoanikwa, anaona mjukuu anayetaka kutoroka kwenda mtoni, anaona mgeni kabla hajapiga hodi. Juu ya kichwa chake, kwenye fito zilizopakwa masizi meusi yanayong'aa, yananing'inia mahindi ya mbegu. Moshi unayakausha na kuwafukuza dumuzi. Hakuna anayezinunulia mbegu hizo dawa.

Sasa chukua mchoro ambao fundi alikuwa amekuja nao. Kaunta ilikuwa imepigwa kwenye ukuta wa nyuma, kimo chake ni kiuno cha fundi, na fundi ni mrefu. Mama alimwangalia, akamwambia, "Mwanangu, mgeni akija nitamwona kwa kisogo?" Fundi akacheka, akasema, "Hapana, Mama, tutaigeuza." Kaka naye akatoa mchoro wake, maana alikuwa nao mfukoni muda wote. Kaunta ilikuwa palepale.

Tusiwacheke sana. Jiko maarufu kuliko yote duniani lilibuniwa na mtu asiyepika. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za mji wa Frankfurt, Ujerumani: upana mita 1.9, urefu mita 3.44, kila kitu karibu na mkono. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yakafungwa mjini humo, na makabati yanayopangana ukutani, yale tunayotamani kwenye picha za simu, ni wajukuu zake. Baadaye msanifu huyo alisema wazi kwamba kabla ya kulibuni hakuwa amewahi kupika. Lakini alihesabu hatua na dakika za wapishi, akawasikiliza wanawake. Fundi wetu alihesabu hatua za uwanja tu.

Kwa hiyo swali la nani ajenge lilikuwa limekuja mapema mno. Jiko baya ni baya hata likijengwa na fundi mwenye cheti cha VETA.

Tulipolirudia swali lenyewe, tukiwa na mchoro wa tatu uliopatikana kwa kumsikiliza Mama, nikawaambia tuangalie kosa la kila kazi linajificha wapi. Ukuta ukienda upande, pima maji itakuambia siku hiyohiyo. Unabomoa kozi mbili, unaanza upya, hasara ni tope na jasho. Sakafu ikiwa na mabonde utaiona maji yakituama. Kazi za namna hiyo kaka aziweze au asiziweze, hazimuui mtu.

Paa ni habari nyingine. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huku kwetu bati halipumziki. Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, kwa sababu bonde ndiko maji yanakopita. Kila mtu anajua hilo akiwa chini. Akiwa juu ya kenchi, jua linachoma na nyundo inateleza, anapiga popote palipo karibu. Tundu halionekani mpaka masika, na wakati huo maji yameshaingia kwenye mbao. Pagumu zaidi ni pale bomba la moshi linapotoboa bati. Bomba lisipopita juu ya kilele cha paa, upepo unausukuma moshi urudi ndani, na pale lilipotobolea pasipozibwa kwa ustadi, kila mvua itaingia jikoni.

Na moshi si jambo la kuchezea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali yetu ilizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Mama ameshapewa mtungi wa gesi na mjukuu aliyeko Mbeya. Anaupenda kwa chai ya asubuhi. Kwa maharage, kande na sufuria za msibani anasema gesi ni kuchoma noti, na mwezi Juni, baridi ya Rungwe inapofika mifupani, hakuna aliyewahi kuota mtungi. Jiko lake kwa hiyo litakuwa na vyote: jiko banifu la kuni lenye bomba, na mtungi kwenye kona yenye matundu ya hewa chini ya ukuta, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa sakafuni. Matundu hayo hayakuwamo kwenye mchoro wa mtu yeyote.

Umeme haukutupotezea muda. Kutandaza nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na mtu aliyewahi kujenga banda la ng'ombe si huyo.

Uamuzi wangu, ambao kaka ameupokea kwa kununa na wifi kwa vigelegele, ni huu. Matofali, msingi, kuta na sakafu ni juu yetu, pamoja na majirani, kwa utaratibu wa siku zote: wao wanakuja kwetu, nasi tutakwenda kwao. Kuchuma chai kipindi hicho kutalipiwa kibarua, na fedha hiyo iandikwe kwenye karatasi ileile ya makadirio, chini ya neno "ufundi", ili kaka aione. Paa, bomba la moshi na jiko banifu ni kazi ya fundi, kwa makubaliano kwamba malipo ya mwisho yanasubiri mvua kubwa ya kwanza. Fundi alijikuna kichwa, kisha akakubali. Kwa maoni yangu fundi anayelikataa sharti hilo ameshajibu swali la kama anaaminika. Jiko la zamani litatiwa nguzo mpya na kuachwa kwa ajili ya mbegu.

Nawe msomaji, kama una mpango wa namna hii huku milimani, anza kufyatua matofali Juni. Ukisubiri mpaka Novemba, mvua itayakuta hayajaingia tanuruni, na tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope.