Nani Atajua Kwamba Haupo?

Novemba 2014 kijana wa Norway aitwaye Mats Steen alifariki akiwa na umri wa miaka 25. Alizaliwa na ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa kutembea, kisha kunyanyua mkono, na mwishowe hata kupumua. Miaka yake ya mwisho aliipitisha sehemu kubwa mbele ya kompyuta, akicheza World of Warcraft, mchezo ambamo watu wa mataifa mengi hukutana katika ulimwengu mmoja wa kubuni. Wazazi wake walilia kifo chake, na walilia pia maisha waliyoamini hakupata kuyaishi: bila marafiki, bila mapenzi, bila kumfaa mtu yeyote nje ya nyumba yao. Baba yake akaandika tangazo la msiba kwenye ukurasa wa mwanawe mtandaoni, akaweka na anwani ya barua pepe. Majibu yakaanza kumiminika. Watu ambao familia haikuwajua waliandika kwa kirefu jinsi Mats alivyogusa maisha yao, na baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya kuja kumzika.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, hasa baada ya filamu ya mwaka 2024 kuhusu maisha yake, na kila anayekisimulia hukazia mazishi. Mimi ninavutwa zaidi na yale yaliyokuwa ndani ya barua. Katika mchezo Mats aliitwa Ibelin, na kundi lake liliitwa Starlight. Msichana mmoja wa Uholanzi aliponyang'anywa kompyuta na wazazi wake kwa sababu ya masomo, Mats aliwaandikia wazazi hao barua kuwaeleza binti yao alivyoumizwa na jambo hilo. Mama mmoja aliyekuwa akihangaika kumfikia mwanawe mwenye usonji alishauriwa na Mats acheze pamoja na mwanawe ndani ya mchezo huohuo, na wakaanza kukaribiana. Kijana ambaye miguu yake haikuweza kumbeba alikuwa na desturi ya kukimbia kwa miguu ya Ibelin, na wenzake waliijua desturi hiyo. Hakuna ushujaa hapo. Hapo pana mazoea ya watu wanaoonana kila siku.

Wengi wetu tumelelewa na methali kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siipingi. Lakini imetuzoesha kupima urafiki kwa matukio makubwa tu: msiba, upasuaji, ada ya shule, harusi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, rambirambi zinaweza kufika kabla maiti haijazikwa, na katika magrupu ya WhatsApp orodha ya waliotoa huzunguka mchana kutwa, jina na kiasi, jina na kiasi. Ni jambo jema, limeokoa nyumba nyingi na aibu na njaa. Hata hivyo mtu anaweza kumchangia asiyemjua hata sura, na anaweza kuchangia kwa kuogopa tu jina lake lisikosekane. Mchango ni wajibu wa jamii. Hutolewa na rafiki na asiye rafiki vilevile. Kwa hiyo hautuambii kama kuna urafiki. Tunapaswa kuuliza habari za siku ambazo hakuna aliyefiwa, hakuna anayeoa, hakuna anayeugua. Siku hizo, watu wanaochangiana wana nini kwa wenzao?

Aristotle aliliwazia suala la urafiki kwa muda mrefu kuliko wanafalsafa wengi. Katika kitabu chake cha maadili chenye sehemu kumi, sehemu mbili nzima, ya nane na ya tisa, zinahusu urafiki. Alitofautisha urafiki wa faida, urafiki wa raha, na ule wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya wenyewe. Huu wa tatu, alisema, hauji haraka, na akakumbusha methali ya zama zake kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula pamoja chumvi ya kutosha. Wanaobeza urafiki wa mtandaoni wangeweza kuishia hapo: chumvi hailiki kwenye skrini. Lakini Aristotle huyohuyo, katika sehemu ya tisa, anaeleza kuishi pamoja maana yake nini kwa binadamu. Ni kushirikiana maneno na fikra, anasema, wala si kama mifugo inayolishwa mahali pamoja. Nimelisoma wazo hilo mara nyingi na kila mara linanifanya niwafikirie watu wanaolala chini ya paa moja na hawajaulizana neno tangu asubuhi.

Naamini inawezekana kusogea mbele kidogo kutoka hapo alipofika. Ukitaka kujua kama mtu yupo kweli katika maisha ya wenzake, angalia kinachotokea asipokuwepo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na vya Lamu, wazee hukaa barazani alasiri, kila mmoja na mahali pake alipopazoea. Mengi wanayozungumza hayana jipya: bei ya samaki, mvua, mpira wa jana, nani kapita na nani hakupita. Mzee mmoja asipotokea siku mbili, mtoto hutumwa nyumbani kwake kuuliza hali. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Mtoto yule ametumwa kwa sababu ya yale mazungumzo yasiyo na jipya, kwa kuwa anayejua desturi zako za kila siku ndiye pekee awezaye kutambua leo zimevunjika. Ndiyo maana salamu za asubuhi zinazojaa kwenye simu, ambazo wengi huziona kero, mimi naziheshimu. Anayesema “mmeamkaje” kila siku anajenga kitu ambacho thamani yake itaonekana siku ile asiposema.

Kuna kundi moja la wazazi wa watoto wenye sikoseli ninalolifahamu vizuri. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na mzazi anayeuguza mtoto wa aina hii huishi na saa zake tofauti na za majirani. Maumivu hayachagui muda. Baridi huyachochea, upungufu wa maji mwilini huyachochea, na mwezi wa Juni wazazi wa Njombe na Mbeya hukesha zaidi ya wale wa Tanga. Saa nane za usiku, jirani amelala, mume yuko safarini, mama anaandika: “Jamani, mkono umevimba, nimempa dawa ya maumivu, bado analia.” Ndani ya dakika chache mama mwingine aliye mbali, naye macho, anajibu: “Mnyweshe maji, mfunike, halafu usisubiri asubuhi kama ana homa.” Baba mmoja anaandika tu: “Nipo macho na wewe, dada.” Hilo la mwisho halina elimu ya tiba ndani yake, na sijui kama kuna lililo kubwa kuliko hilo kwa mtu aliyekaa gizani na mtoto anayelia.

Lakini usiku wa namna hiyo ni sehemu ndogo. Siku nyingi kundi lile huongea mambo ya kawaida kabisa. Picha ya mtoto na sare mpya. Nani anajua duka la dawa lenye haidroksiurea wiki hii. Mzozo wa Simba na Yanga. Mama anayelalamika kwamba mwalimu anamwita mwanawe mvivu kwa sababu anachoka haraka. Ukiingia mgeni utadhani wanapoteza muda. Siku mama mmoja wa Mwanza alipokaa kimya, aliyekuwa na mazoea ya kuwasalimu wote kabla ya jua kuchomoza, watu waliulizana siku ileile: “Mama wa Mwanza mbona kimya? Nani ana namba ya ndugu yake?” Alikuwa wodini na mwanawe, simu imeisha chaji. Mwenzao mmoja anayeishi jijini humo, ambaye hawakuwahi kuonana, alifika jioni na chupa ya uji na chaja.

Ukubwa wa kundi si jambo dogo hapa. Mwaka 2022 WhatsApp iliruhusu grupu moja kuwa na watu hadi 1,024, baada ya miaka ya kikomo cha 256. Tulifurahia, tukaunganisha ukoo mzima, shule nzima, kata nzima. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza aliyelinganisha ubongo wa nyani na wa binadamu miaka ya mwanzo ya 1990, alikisia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na uhusiano wa kweli na watu wapatao 150, na kati yao walio wa karibu kabisa ni kama watano. Wataalamu wanabishana kuhusu hesabu hiyo, na si lazima tuishike kwa ukali. Inatosha kuona kwamba katika watu elfu moja, wanaokaa kimya ni wengi mno kwa yeyote kumwona mmoja aliyenyamaza jana. Kundi kama hilo linafaa kwa matangazo na michango. Kuliita la marafiki ni kosa, na ni kosa linaloumiza, kwa sababu mtu aliyemo anaweza kuamini ana watu, kisha akaja kugundua siku ya shida kwamba alikuwa na hadhira.

Pingamizi zito zaidi ninalolijua lilitolewa na Hubert Dreyfus, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake kuhusu intaneti cha mwaka 2001. Aliona kwamba mtandaoni mtu hahatarishi chochote: anaingia akitaka, anatoka akichoka, mwili wake umekaa salama kwingine, na pasipo hatari hakuna kujifunga kwa dhati. Namkubalia zaidi ya nusu. Kujitoa kwenye grupu ni kubonyeza mara mbili. Wapo wanaojitia majina na mashaka yasiyo yao, wakala michango ya watu wenye huruma. Na mwili una madai yake ambayo hakuna neno linaloyatimiza: mgonjwa anahitaji kugeuzwa kitandani, na uji hauwezi kutumwa kwa simu. Kwa miaka mingi Mats mwenyewe aliwaficha wenzake ugonjwa wake, naye aliweza kufanya hivyo kwa sababu hawakumwona.

Pale nisipokubaliana na Dreyfus ni kwenye neno hatari. Mama anayeandika saa nane za usiku kwamba ameshindwa kumtuliza mwanawe amejiweka wazi mbele ya watu wanaoweza kumnyamazia. Anayeeleza aibu yake mahali ambapo maneno yanaweza kunakiliwa na kusambazwa amehatarisha heshima yake yote. Mats alipowafungulia wenzake siri yake baada ya kuificha muda mrefu, alihatarisha kupoteza mahali pekee alipojulikana kwa akili na tabia yake kabla ya maradhi yake. Kuhusu mwili, chupa ya uji iliyofika wodini Mwanza ilibebwa na mikono. Maneno ya kila siku yalitangulia, mikono ikafuata, na pasipo maneno yale mikono isingejua pa kwenda. Ninachodai basi ni hiki tu: urafiki unaozaliwa kwenye simu ni urafiki, mradi kuna watu ndani yake wanaojuana kiasi cha kutambuana wakikosekana, na walio tayari kusogea maneno yakishindwa kutosha.

Leo, kabla hujalala, fungua lile kundi unaloliita la marafiki, uangalie ni nani hajasema neno wiki hii. Usimtaje mbele ya wote, inaweza kumwaibisha. Mpigie. Asipopokea, mtafute mtu anayekaa karibu naye.