Kazi ikiisha, mutu anabakia nani?

Kuna ulizo moja ambalo wengi wetu tunaliogopa: siku mutu anaacha kazi juu ya miaka yake, anabakia nani? Jana alikuwa shefu, mwalimu, infirmiye, makanika. Leo asubui sireni ya kazi inalia, lakini haimuite yeye tena.

Kwetu Katanga, ulizo hili si la vitabu tu. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Karibu mwaka 1928 ilianza kutafuta wafanyakazi wa kukaa pamoja na jamaa zao, si wa kuja na kurudi mugini. Ikajenga kambi, hospitali na masomo, ikatoa posho ya unga kwa mume, muke na watoto. Ndiyo maana watu walisema: kampuni njo baba, njo mama. Serikali ilipoikamata mwaka 1967 ikawa kampuni ya taifa, na hiyo Gécamines tunayoijua iliendelea na desturi ile ile. Katika mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kisha mambo yakaanguka. Katika miaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 walitoka kazini kwa mupango ulioitwa Départs Volontaires, kwa musaada wa feza za Banki ya Dunia. Jina lilisema wanatoka kwa mapenzi yao. Lakini mutu aliyepitisha miezi mingi bila mushahara, mapenzi yake ni gani?

Wazee hao walipoteza vitu vitatu mara moja: mushahara, jina, na kiti ndani ya nyumba. Mama akaanza kuuzisha unga na makala, kijana akaenda kuchimba mawe, na baba akabakia chini ya muembe. Yeye aliyekuwa analeta posho, sasa anangojea kugawiwa. Hapa ndipo ulizo linaumiza: ile heshima alipewa zamani, ilikuwa yake ao ilikuwa ya mufuko wa unga?

Tuangalie desturi ya wababu. Mugini hakukuwa retreti. Muzee ambaye mikono yake imechoka aliacha shoka, lakini hakuacha kazi; alibadilisha kazi. Alisuka vitunga na kutengeneza nyavu. Alijua mupaka wa shamba la huyu na la yule, alijua mahari ya nani haijamalizika, alijua ukoo gani hauwezi kuoana na ukoo gani. Palabre ilipotokea, walimungojea kwanza. Waswahili wanasema: penye wazee haliharibiki neno. Methali hii haisemi «penye wazee wenye feza». Inasema wazee tu.

Hata hivi, tusidanganyane. Mugi wa zamani haukuwa paradiso. Muzee asiye na mutoto aliweza kulala njaa, na mama muzee aliyebakia peke yake aliweza kuitwa mulozi. Mambo hayo hayajaisha mpaka leo. Kwa hiyo si mvi peke yake zilizomulinda mutu. Kilichomulinda ni ile kamba aliyoifunga kati yake na wengine wakati alikuwa na nguvu: mutoto wa ndugu aliyemusomesha, jirani aliyemuzikia mufu wake.

Kuna watu wanaosema: basi, kama jamaa njo inalinda wazee, pansiyo ni ya nini? Sikubali. Feza zilizokatwa kwa mushahara kila mwezi na kutumwa INSS, ambayo kisha sheria ya mwaka 2016 imekuwa CNSS, si sadaka. Ni jasho la mutu lililowekwa akiba. Desturi inatuomba tumupe muzee bukari. Haimupe muajiri ruhusa ya kusahau deni. Yule anayesifu jamaa ya kiafrika ili asilipe, anatumia mababu wetu kama kifuniko cha deni lake.

Muzee naye ana sehemu yake. Wengine wanaleta ofisi nyumbani: wanaamuru muke na watoto sawa vile walikuwa wanaamuru ekipe, na nyumba nzima inawakimbia. Wengine wanajitupa katika lutuku na kuhesabu majina ya wale waliowatendea mubaya. Njia zote mbili zinatoka katika kosa moja: kufikiri kazi na mushahara ni kitu kimoja. Mushahara unaweza kukatwa na barua. Kazi ya mutu kati ya watu haina barua ya kuikata. Fundi wa umeme ambaye amefundisha vijana wawili wa kartiye, yule hajaacha kazi. Mwalimu anayekaa jioni na wajukuu juu ya hesabu, naye hajaacha.

Lakini hayo yanaomba kuanza mapema. Baba ambaye kwa miaka 30 alirudi nyumbani kula na kulala tu, asishangae watoto wakimuona kama mugeni siku anapobakia. Inaomba muke ajue hesabu za nyumba, shamba lilimwe mbele ya njaa, na mume ajifunze kushika jembe bila kuona haya mbele ya majirani.

Na sisi watoto? Kumupa muzee chakula bila kumuuliza kitu ni kumuzika akiwa muzima. Tumuulize namna mugodi ulivyochimbwa, namna shamba lilivyogawanywa, kwa nini jamaa fulani hazisalimiane. Tukimuuliza, tungojee jibu, hata kama ni refu.

Basi, kazi ikiisha, mutu anabakia yule aliyekuwa kwa watu wakati kazi ilikuwako. Na kama hakuwa kitu kwao, miaka yenye kubakia ingali ya kuanza.