Kumlilia Mzazi Aliyetuumiza

Wapendwa, tunajua jinsi ibada ya mazishi inavyokwenda. Wasifu wa marehemu husomwa, kwaya huimba, udongo hutupwa kaburini. Lakini pengine yuko mtoto mmoja wa marehemu aliyekaa mbele bila chozi. Anasikia baba yake akisifiwa kwa upole, naye anakumbuka viboko, matusi, na miezi ambayo baba hakuonekana nyumbani. Watu wananong'ona: "Mbona halii?" Wiki tatu baadaye, wageni wakiwa wameondoka na turubai limeshushwa, analia peke yake usiku wala hajui analilia nini.

Je, tunaweza kumheshimu mzazi aliyetuumiza bila kusema uongo? Amri ya nne inatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Zote zimetoka kwa Mungu mmoja, kwa hiyo hatuwezi kuishika moja kwa kuivunja nyingine. Tutaambiwa kwamba Katekisimu Ndogo, katika maelezo ya amri ya nane, inatufundisha kumnenea jirani mema na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio bora. Ni kweli. Lakini upande ulio bora ni kukumbuka kwamba huenda baba naye alilelewa kwa fimbo na hakuonyeshwa njia nyingine. Si kusema kwamba fimbo haikuwapo.

Martin Luther aliyaonja haya. Baba yake, Hans, alitaka asome sheria, akakasirika sana kijana alipoingia katika nyumba ya watawa mwaka 1505. Hata uzeeni Luther alisimulia jinsi baba yake alivyomchapa siku moja mpaka akamkimbia. Hans alifariki mwaka 1530, Luther akiwa mbali katika ngome ya Coburg. Habari zilipomfikia, alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia. Fimbo hakuificha, na chozi hakulizuia.

Luther na baba yake walipata muda wa kupatana. Wengi wetu hatukuupata. Basi tumtazame Ishmaeli, aliyefukuzwa pamoja na mama yake wakiwa na mkate na kiriba cha maji. Maandiko hayatuelezi kama Ibrahimu alimwomba radhi. Lakini katika Mwanzo 25 tunamkuta Ishmaeli pamoja na Isaka wakimzika baba yao katika pango la Makpela. Alikuja akiwa na historia yake yote, wala hakuna aliyemtaka kwanza aikane.

Tunapomzika mzazi wa namna hii, tunazika wawili: yule aliyekuwapo, na yule tuliyemngoja. Maadamu alikuwa hai, tulitumaini kwamba siku moja angetuita na kusema, "Mwanangu, nisamehe." Tumaini hilo nalo limeshuka kaburini. Kulilia hilo si unafiki. Na anayejisikia kupumua baada ya mazishi asijihukumu. Aliyebeba mzigo miaka mingi hupumua anapoutua, hata kama mabega bado yanamuuma.

Vipi kuhusu kusamehe? Kusamehe ni kuiacha hukumu mikononi mwa Mungu, anayemjua marehemu kuliko sisi. Wengine hufika hapo mapema, wengine baada ya miaka. Si sharti la kuruhusiwa kulia.

Kwa hiyo, tunapoandika wasifu, tuandike yaliyo kweli. Mema yakiwa machache, tuyasome hayo machache, kisha tunyamaze. Mtoto asiyetaka kuzungumza asilazimishwe. Na baada ya msiba, mmoja wetu amtembelee yule aliyekaa bila chozi, aketi naye, amsikilize asemayo juu ya baba yake, bila kumkatiza kwa kusema kwamba marehemu hasemwi vibaya.