Huruma Yenye Mpaka

Ndugu msomaji, je, mtu akiwahurumia wanyama na huku akiwadharau wanadamu, huruma yake tuiite nini? Swali hili si la kubuni. Latuletewa na maisha ya mwanamke wa Kifaransa, Brigitte Bardot, aliyefariki Desemba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Sisi Waislamu hatuwezi kulikwepa, kwani wanadamu waliodharauliwa ni sisi.

Alizaliwa Paris mwaka 1934 katika nyumba ya wenye mali, akafundishwa kucheza baleti. Alipokuwa na miaka 15 picha yake ilitolewa kwenye jalada la Elle, gazeti la wanawake. Akawa mwanamitindo, yaani mtu avaaye nguo ili wengine wazitamani. Jalada hilo liliwavuta watu wa sinema, na mmoja wao, Roger Vadim, akamwoa mwaka 1952. Mwaka 1956 Vadim alimwongoza katika filamu ambayo jina lake lasema kwamba Mungu alimwumba mwanamke. Jina la Mungu likabandikwa kwenye matangazo, lakini kilichouzwa kilikuwa mwili wa mke wake mwenyewe! Wakatoliki wa Marekani waliokuwa wakichunguza sinema waliilaani filamu hiyo. Hata hivyo watazamaji walimiminika.

Wengi wetu huishia hapo, wakamhukumu msichana na kuwasahau waliomnunulia tikiti. Hebu tutazame bei aliyoilipa. Mwaka 1960, alipokaribia kujifungua, wapiga picha waliizingira nyumba yake hata ikambidi azalie humo humo ndani. Septemba ya mwaka huohuo, siku alipotimiza miaka 26, alijaribu kujiua. Huyu ndiye aliyetamaniwa na mamilioni ya watu, na ambaye wasichana wa nchi nyingi walisuka nywele kwa kumwiga.

Nadhani (na hii ni dhana yangu tu) kwamba mtu aliyewindwa namna hiyo humwelewa upesi kiumbe mwingine anayewindwa. Mwaka 1962 alitokea katika televisheni akaomba mnyama apotezwe fahamu kabla ya kuchinjwa. Mwaka 1964 serikali ilitoa amri hiyo, ila ikawaachia Wayahudi na Waislamu desturi zao. Mwaka 1973, kabla ya kufikisha miaka 40, aliiacha sinema kabisa baada ya filamu zaidi ya 40, wala hakurudi. Mwaka 1977 alikwenda Kanada, kwenye barafu, kupinga kuuawa kwa watoto wa sili kwa ajili ya ngozi zao. Na mwaka 1983 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia ngozi hizo zisiingizwe kwao. Mwaka 1986 aliunda wakfu wa kuwatetea wanyama, na mwaka uliofuata akauza kwa mnada vito na mavazi yake ili wakfu huo upate mtaji.

Ndugu msomaji, yafaa tukiri kwamba hilo si jambo dogo. Wako wanaohubiri juu ya ubatili wa dunia, na pete ya dhahabu hawajaitoa.

Basi, ikawaje? Mtu huyuhuyu alifikishwa mahakamani mara nyingi, tangu miaka ya 1990, akaonekana na hatia ya kuchochea chuki. Mara nyingi sababu ilikuwa maneno yake juu ya Waislamu na uchinjaji wa Idi. Mwaka 2008 alitozwa faini ya yuro 15,000 kwa barua aliyomwandikia waziri wa mambo ya ndani, ambamo alidai kwamba Waislamu wanaiharibu nchi yake. Na ajabu ni kwamba mwaka 1961, kundi la OAS lililokuwa likiwaua Waaljeria lilipomdai fedha kwa vitisho, alikataa hadharani. Moyo wa ushujaa alikuwa nao. Hata nyumbani mwake mpaka ulionekana: kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1996, zilimwumiza mwanawe wa pekee hata wakakutana mahakamani.

Mpaka huo watoka wapi? Mimi naona watoka hapa: huruma yake ilikuwa ya kuchagua. Mnyama hambishii mtu. Hampigi picha, haandiki habari zake, haswali kwa namna asiyoipenda yeye. Kumpenda kiumbe asiyetupinga ni rahisi kuliko kumvumilia jirani. Huruma itokayo katika jeraha humtafuta aliye na jeraha kama lile, na wengine huwaacha nje. Lakini huruma iliyoamrishwa na Mwenyezi Mungu haimwulizi mtu kama moyo wake umependa.

Nilikuwa mwanafunzi ng'ambo wakati habari ya hukumu ile ya 2008 ilipotufikia chuoni. Mwenzetu mmoja, aliyeingia Uislamu si zamani, alikasirika sana, akataka tuandike jibu kali. Mwalimu wetu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza: "Idi iliyopita kisu chako ulikinolea wapi?" Kijana akanyamaza. Alikuwa amekinoa mbele ya mbuzi.

Mtume Mtukufu s.a.w. alituamuru tunoe kisu vizuri na tumpumzishe mnyama, akachukizwa na mtu anayenoa kisu huku mnyama akimtazama. Alitueleza pia juu ya mwanamke mwenye dhambi aliyemtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Tangu siku ile chuoni nimechunguza, na kwa masikitiko nasema: nimeona mbuzi wakiburutwa kwa miguu, nimeona mmoja akichinjwa mbele ya wenzake, na visu butu nimeviona. Lile alilosema mwanamke huyu juu ya maumivu ya mnyama lilikuwa limesemwa kwetu karne nyingi kabla yake, nasi hatukulishika.

Ndugu mmoja aliniuliza: "Sheikh, kwa nini tumsifu aliyetutukana?" Nilimjibu kwamba Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maidah, yatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya chuki ya watu. Aliyofanya kwa sili yaandikwe kwa ajili yake. Matusi yake nayo yaandikwe, tena kwa jina lake hasa, kuwa ni dhuluma. Wala jema lile lisilifute ovu hili katika hesabu yetu, wala ovu lisilifute jema. Mizani ya mwisho si yetu. Ndugu yule hakuridhika, akaniambia kwamba ni vigumu. Nikamwambia kwamba hata mimi naona ni vigumu.