Mfungo Ukiisha

Januari nilifunga siku 21. Nilisema ni kwa ajili ya Mungu, lakini kila asubuhi nilikuwa napanda mizani. Nikapungua kilo sita. Kufika Pasaka, chapati, soda na chai ya vijiko vinne vya sukari vilikuwa vimezirudisha zote.

Nilisomea biashara. Huo haukuwa mfungo, ulikuwa mkopo, na mkopo hulipwa na riba.

Sisi wa Bura tunaelewa. Mafuriko ya Tana ya 2023 yalikuja na maji mengi, yakaharibu mashamba. Mahindi ya skimu hukuzwa na maji ya mfereji, kidogo kidogo, kwa zamu.

Mwili pia ni hivyo. Siku hizi naenda ibada kwa miguu, naacha bodaboda. Chai kijiko kimoja, ugali nusu, mchicha mwingi. Kilo zinashuka polepole.

Lakini Isaya 58 inanibana: mfungo anaoupenda Mungu humlisha mwenye njaa. Kwenye ukame wa 2022 kuna waliolala njaa hapa hapa. Basi pesa ya soda sasa inanunua unga wa jirani.

Wiki hii chagua kitu kimoja utakachoweza kukiacha hata mwaka ujao, na mtu mmoja wa kumpa. Amina.