Msimpe Mungu Tarehe

Wajukuu wangu wa Ruiru na Thika, nawasikia. Hizi ghorofa zetu zimebanana, na kesha la jirani ni kesha langu pia, nitake nisitake. Namsikia nabii akiwaambia mtume elfu mbili za mbegu kwa namba ya till, na ndani ya siku saba mlango wa kazi utafunguka. Nawasikia mkiitikia, "Napokea!" Siku ya nane nakutana na mmoja wenu kwenye ngazi, amenuna, ananiuliza: shosho, nimekosea wapi? Imani yangu ni ndogo?

Imani yako haina neno. Uliyemwamini siku hizo saba ndiye wa kuulizwa.

Mimi nilikulia mashambani mwa kahawa, kabla Ruiru haijakatwakatwa kuwa ploti za hamsini kwa mia. Hakuna mtu aliyepanda kahawa anayeweza kusimama mbele ya watu akahubiri mbegu ya siku saba. Mche unautoa kitaluni, unauchimbia shimo, unaupalilia, na tunda la kuhesabika hulioni mpaka kama mwaka wa tatu. Tena katika miaka ya 1960 ukaja ule ugonjwa wa matunda: buni ingali mbichi mtini, inapigwa na madoa meusi, inakauka, inaanguka. Baba zetu waliomba, na walipomaliza kuomba walibeba pampu mgongoni wakanyunyiza dawa ya kopa. Sikumsikia hata mmoja akisema pampu ni ukosefu wa imani. Pale pale Ruiru, kwenye kituo cha utafiti, wataalamu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuchanganya aina za kahawa, na ni mwaka wa 1985 ndipo walipotoa mbegu ya Ruiru 11 inayostahimili ugonjwa huo. Miaka yote hiyo Jumapili ya mavuno ilifika, na watu walikwenda kanisani kushukuru na vikapu vyepesi.

Ninachowaonya ni hiki: kumtumaini Mungu ni kumwachia nafasi ya kukataa. Ukimnyima nafasi hiyo, umemfanya karani wako.

Someni Waebrania 11 mpaka mwisho, msiishie pale wahubiri wanapoishia. Wapo waliofunga vinywa vya simba, na wapo waliopigwa mawe na kukatwa kwa msumeno. Mwandishi hasemi hawa wa pili walipungukiwa. Wote anawaweka kwenye orodha moja. Hata huku kwetu tuliyaona. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka wa 1937, na wale tuliowaita ahonoki, yaani waliookoka, wakajaa Kiambu na Murang'a. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni, na baadhi wakakataa pia bunduki ya serikali. Wengine waliuawa, wengine wakazeeka wakicheza na wajukuu. Nani atanipimia imani ya yupi ilikuwa kubwa zaidi?

Sasa afya, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Yupo kijana wa jengo letu aliyeanza dawa za kifua kikuu. Ni dozi ya miezi sita, na hospitali za serikali huzitoa bure. Mwezi wa pili kikohozi kikatulia, uzito ukaanza kurudi, naye akaombewa, akaambiwa akiri uponyaji kwa kuziacha. Akaziacha. Sasa kikohozi kimerudi, na kila mwenye shule kidogo anajua kwamba dawa hizo ukiziacha katikati ugonjwa unaweza kurudi umezizoea, na wa kuambukizwa ni walio chumba kimoja nawe. Paulo, aliyewaombea wengi wakapona, alimwacha mwenzake Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na akamshauri Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Hakuwaambia wapokee.

Mnakumbuka Shakahola, Aprili 2023. Watu walifunga mpaka wakafa, pamoja na watoto wao, na miili iliyofukuliwa ikapita mia nne. Msiseme kule ni Kilifi na wale walipotoshwa. Njia ile huanzia kwenye jambo dogo la namna hii, mtu kuambiwa aache kitu kinachomsaidia ili aoneshe anaamini. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, tena kwa Maandiko mkononi, na Yesu akakataa. Angejitupa, mngeuita ujasiri wa imani.

Sisemi maisha ni mepesi. Nawaona alfajiri kwenye mageti ya viwanda vya Thika, msimamizi akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe, waliobaki warudi nyumbani na vitambulisho mkononi. Kumtumaini Mungu pale getini kuna sura yake. Ni kumkatalia yule dalali anayetaka elfu tano ili jina lako lipite, ukijua kabisa kwamba huenda atakayeingia ni mwenzako aliyetoa. Ni kurudi tena kesho. Fungu la kumi toeni, mimi natoa. Lakini karo ya mdogo wako si mbegu, ni karo.

Na wewe kijana wa ghorofa ya tatu, sitakutaja. Alhamisi saa mbili asubuhi niko steji ya Ruiru, tunapanda matatu ya Thika, tunakwenda hospitali ya Level 5. Waeleze ukweli kwamba uliacha, watakupima upya, hawatakufukuza. Beba ile karatasi yao ya zamani na maji ya kunywa, foleni ni ndefu. Maombi tutayafanya kwenye benchi tukingoja kuitwa.