Elfu Mbili za Babu

Nyuma ya ghorofa mpya za Buxton, pale zilipokuwa nyumba za zamani za manispaa, kuna muuza kahawa anayekusanya wazee kila jioni. Mimi ndiye mdogo wao. Sina ofisi, chuo niliacha, naandika kwa kulipwa makala moja moja, kwa hivyo muda ninao.

Wawili hukaa pamoja. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wa pili, sote twamwita Babu, alibeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi mpaka mgongo ukakataa. Mwalimu ana pensheni. Babu, kwa kuwa amevuka miaka 70, hupata zile 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na mara nyingi huja za miezi miwili kwa mpigo.

Pensheni ikichelewa, Mwalimu huwaka. "Hiyo ni haki yangu, nimeitolea jasho!" Za Babu zikichelewa, yeye husema, "Serikali nayo ina mambo mengi, mwanangu. Zikija, alhamdulillahi."

Kitambo niliona ni sawa tu. Mmoja anadai, mwingine anasaidiwa. Halafu nikasoma kidogo. Kumbe mpaka Januari 2021, ulipoanza mfuko mpya wa watumishi wa umma, walimu na makarani wa serikali hawakuwa wakikatwa mshahara ili wajiwekee pensheni. Ililipwa kutoka hazina, yaani kodi. Na kodi Babu amelipa maisha yake yote, kwenye sabuni, kwenye sigara, VAT ya asilimia 16 juu yake. Basi Babu amekuwa akimchangia Mwalimu, na bado yeye ndiye anayeshukuru.

Nilipomwambia Mwalimu, alinitazama kama mtoto aliyechelewa paredi. Akasema, na hapa alinibana: "Nilivumilia mshahara mdogo kwa sababu niliahidiwa uzee."

Ni kweli, na ahadi ni deni. Lakini Babu hakuahidiwa kwa sababu hakuna aliyemwandika popote. Kibarua jioni unalipwa, asubuhi hujulikani. NSSF ipo tangu 1965, na kwa miaka mingi makato yalikuwa 200 tu kwa mwezi, mwajiri akiongeza 200 zake. Hata hizo zilimpita. Sasa mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuahidiwa, tumwambie hadai kitu?

Wenzangu wa rika langu hawataki hata kusikia. Tangu makato yapandishwe 2023 wanasema ati hizo ni pesa za wakubwa kula, heri ununue boda. Siwalaumu, ingawa boda haifiki miaka 70. Mamangu naye anasema pensheni yake ni mimi. Maskini mama. Kuna mpango wa NSSF wa sisi tusio na waajiri, Haba Haba, shilingi 25 kwa siku. Niliweka siku kumi na moja.

Juzi za Babu ziliingia. Akatulipia kahawa sote, kashata juu. Mwalimu akakataa, akasema hawezi kunywa pesa ya mzee mwenzake.

"Kunywa bwana," Babu akamwambia. "Si zangu hizi, ni za serikali."

Mwalimu akanitupia jicho, kisha akachukua kikombe.